Gari Lako Nalo Lina Injini Moja

SEHEMU YA 1: Maji ya kila mlima

 Akina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu ya mama watoto, leo mnahusika kuliko siku zote.

Najua niliahidi kuongelea uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utasubiri. Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia kutoka Biharamulo, upande wa Nyakanazi. Ana mimba ya miezi mitano. Mume wake mwaka huu kavuna vizuri, kauza na ng'ombe wawili, wanataka kununua gari dogo la mkononi. Akaniuliza, "Dada nesi, si ni jambo zuri? Maana siku ya uchungu sitahangaika tena na pikipiki usiku."

Nikaandika "hongereni sana", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nilikuwa nimekumbuka usiku mmoja ambao sijawahi kuuandika popote. Leo nauandika. Nimebadilisha mambo madogo ili wahusika wasijulikane, na baba wa familia hiyo mwenyewe aliniambia, "Andika, labda mwingine atasikia."

Ni miaka kadhaa sasa, nikiwa zamu ya usiku. Zahanati moja ya vijijini huku Ngara walikuwa na mama mwenye uchungu pingamizi, mtoto hashuki. Wakaandika rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine. Baba akasema msihangaike, gari ninalo, lipo hapo nje. Na kweli alikuwa nalo, la mwaka mmoja tangu alinunue, linang'aa. Kila Jumamosi alikuwa analiosha mwenyewe.

Safari yao ilitakiwa iwe kama saa moja na nusu. Nyie wa Ngara mnajua milima yetu, unapanda, unashuka, unapanda tena. Gari likachemsha mlima wa kwanza. Wakasimama, wakasubiri lipoe, wakaongeza maji. Mlima wa pili hivyo hivyo. Mlima wa tatu maji ya dumu yakaisha, baba akashuka bondeni gizani na tochi ya simu kutafuta maji mtoni. Walitufikia baada ya saa nne na kitu.

Tulimpeleka mama moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mama alipona. Mtoto alitoka akiwa ameshatangulia. Alikuwa wa kiume, kilo tatu na nusu, hana kasoro hata moja.

Asubuhi yule baba alikaa kwenye benchi nje, mikono imejaa oili, akaniambia maneno ambayo mpaka leo ninayo. "Sista, lile gari nilijua linakunywa maji. Nilijua tangu miezi miwili. Fundi aliniambia rejeta inavuja, nikasema nitarekebisha mwezi ujao."

Mama zangu, simlaumu yule baba. Alikuwa baba mzuri kuliko wengi. Alinunua gari kwa ajili ya familia yake. Alichokosa ni kitu ambacho sisi sote hatujafundishwa: kununua tunajua, kumiliki hatujui.

Sasa mtanicheka nikiwaambia kwamba kumiliki nilifundishwa na ndege kuukuu. Subirini sehemu ya pili.

SEHEMU YA 2: Ndege iliyonizidi umri

Watu wa Ngara wa rika langu tuna historia na ndege ndogo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa ishirini na nne tu, na Benaco ikageuka mji ndani ya siku chache. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita. Ndege zilipita juu ya migomba yetu na sisi watoto tukizikimbilia tukipunga mikono. Kwangu ndege ilikuwa kitu cha Wazungu na misaada. Sikuwahi kufikiri kwamba ndege inaweza kuwa ni mali ya mtu, kama pikipiki, yenye spea na fundi na madeni.

Nimekuwa mkubwa, nimesoma diploma yangu ya uuguzi, nikaajiriwa. Siku moja nikapangiwa kumsindikiza mtoto aliyeungua moto kwenda Mwanza, na usafiri uliopatikana ulikuwa ndege ndogo. Cessna 206, injini moja mbele, siti za nyuma zimetolewa ili mgonjwa alale. Nikamuuliza rubani, hii ndege ni ya lini? Akasema ya mwaka 1978. Mimi ni wa 1988. Yaani nakwenda kuruka na dada yangu mkubwa! Miguu iliniisha nguvu.

Rubani akaona uso wangu, akacheka, akaniambia, "Sista, usiogope umri. Angalia ninachofanya."

Alianza kuizunguka ile ndege kwa utaratibu, sehemu moja baada ya nyingine. Alikuwa na kikombe kidogo cha plastiki kinachoonyesha ndani. Anabonyeza chini ya bawa, mafuta kidogo yanatoka, anayainua juu kwenye mwanga na kuyakagua. Jamani, ni vile vile tunavyoinua kopo la mkojo wa mjamzito kliniki! Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema maji. Mafuta ya ndege hizi yana rangi ya bluu hafifu, na maji ni mazito kuliko mafuta, yakiwemo yanakaa chini ya tangi. Ukiruka nayo injini inaweza kuzima angani. Basi ndo anayatoa na kuyaangalia kabla ya kuruka. Alifanya hivyo bawa la kushoto, la kulia, na chini ya tumbo la ndege.

Akapima oili. Akapitisha kidole ukingoni mwa propela, polepole, macho kafumba. Akaniambia jiwe dogo la kiwanja cha vumbi likigonga pale linaacha pengo, na pengo dogo likiachwa linaweza kuwa ufa. Fundi analisugua kwa tupa mapema, yanaisha. Nikawaza: huu ni uchunguzi wa mwili kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama tunavyofanya kwa mtoto mchanga.

Kabla ya kuondoka aliunguruma mwisho wa kiwanja. Akazima upande mmoja wa umeme wa kuwasha mafuta, akasikiliza, akaurudisha. Akazima wa pili, akasikiliza. Kumbe injini ile ni moja lakini kila silinda ina plagi mbili, na kuna mitambo miwili ya kuziwasha. Mmoja ukifa, mwingine unakufikisha. Wenye injini moja wanajua wana injini moja tu, kwa hiyo kinachoweza kuwekwa viwili wanaweka viwili.

Mtoto tulimfikisha salama. Mwanza, tukisubiri gari la kutupeleka hospitali, yule rubani akanionyesha kitabu kinachokaa ndani ya ndege. Kimeandikwa kila safari, saa ngapi imeruka, nani karusha, hitilafu gani imeonekana, nani karekebisha, na sahihi yake. Mstari mmoja ulisema zimebaki saa kumi na moja na kitu kabla ya ukaguzi mwingine. Akasema kambini kwao kuna vitabu vingine vikubwa: cha mwili wa ndege, cha injini, na cha propela, tangu siku ilipozaliwa 1978.

Nikamwambia, kumbe ndege ina kadi ya kliniki!

Akasema, "Sasa umeelewa. Ndege isiyo na vitabu hata kama inang'aa, mtu mwenye akili hainunui. Au anainunua kwa bei ya chuma chakavu."

Nasi ndo hivyo hivyo. Mama akija leba bila kadi, hatujui wingi wa damu yake, hatujui grupu, hatujui presha ilikuwaje mwezi wa sita. Anaweza kuwa mzima kabisa. Lakini tunamhudumia kama tunatembea gizani.

SEHEMU YA 3: Wanaonunua ndege kuukuu wanajua nini ambacho sisi hatujui

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugonjwa wa kusoma habari za ndege ndogo. Zamu ikitulia usiku mimi nasoma. Msinicheke.

Jambo la kwanza nililojifunza: ndege kuukuu ni nyingi kuliko mpya. Mwaka 1986 Cessna walisimamisha kutengeneza ndege zao ndogo za injini ya pistoni, na ilichukua karibu miaka kumi kuanza tena. Ndiyo maana ndege nyingi ndogo unazoziona ni za miaka ya sitini, sabini na mwanzoni mwa themanini, zimepita mikono mingi, na bado zinaruka. Hapa Afrika Mashariki zimebeba watu wetu wengi. Arusha wapo Flying Medical Service, wamekuwa wakitumia Cessna ndogo za injini moja kwenda kufanya kliniki za mama na mtoto vijijini. MAF nao wamekuwa wakiruka kufika vijiji ambavyo barabara haifiki.

La pili: wanaomiliki si wote matajiri, na si wote wanaume. Mwaka 1929, Nairobi, mjane mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege kwa kuanza na kindege kimoja cha injini moja, Gipsy Moth. Uwanja wa Wilson pale Nairobi unaitwa jina lake mpaka leo. Halafu kuna daktari Anne Spoerry, Mfaransa, mzaliwa wa 1918. Alijifunza kurusha ndege akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, umri ambao sisi tunaambiana "nimeshazeeka". Akawa na ndege yake mwenyewe ya injini moja, Piper, akawa daktari wa AMREF, lile shirika la madaktari wanaoruka lililoanzishwa 1957. Aliruka kwenda Turkana, Marsabit na mwambao wa Lamu, akichanja watoto na kutibu, watu wakimwita Mama Daktari, mpaka alipofariki 1999 akiwa na miaka themanini. Simfanyi malaika, maisha yake wakati wa vita kule Ulaya yana mambo mazito ambayo yaliandikwa baadaye. Nataka mwone jambo moja tu: mwanamke, kifaa cha injini moja, miaka zaidi ya thelathini juu ya majangwa. Kwa kuomba Mungu tu huwezi kufika huko. Mtu lazima awe anafungua boneti.

La tatu, na hili ndilo kubwa: kwa hawa watu bei ya kununua ni kama ada ya kuingia mlangoni. Wanasema hivi: ndege kuukuu unaweza kuipata kwa bei ya gari zuri, lakini inakula kama ndege. Na mwaka wa kwanza ndio mkali, maana ukaguzi wa kwanza ukiwa mmiliki mpya unafichua yote ambayo mwenye nyumbani wa zamani alikuwa anayafumbia macho. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hamalizi hela zote siku ya kununua. Anabakiza za mwaka wa kwanza.

Na hanunui kwa macho. Anamtafuta fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, anamlipa, anafungua. Wanapima kila silinda kama inashika pumzi. Wanaingiza kamera ndogo ndani ya silinda na kuangalia, kama madaktari wanavyoangalia tumbo. Fundi akisema hapana, mnunuzi anaondoka, hata kama ameshaipenda rangi.

Halafu akishanunua, anaishi kwa ratiba. Kwa injini nyingi za Lycoming, oili yenye chujio inamwagwa kila saa 50 za kuruka au kila miezi minne, hata kama ndege haikuruka. Chujio la zamani halitupwi hivi hivi. Linakatwa, linafunguliwa, wanatafuta vipande vya chuma ndani. Chembe za chuma ni habari kwamba kuna kitu kinasagika huko ndani. Mimi nikasema hiki ni kipimo cha maabara kabisa. Injini yenyewe mtengenezaji anashauri ifunguliwe yote na kujengwa upya ikifika kama saa 2,000 au miaka 12. Mwenye ndege haisubiri siku hiyo imkute. Tuseme kazi hiyo itamgharimu dola 30,000. Anagawanya kwa saa 2,000, anapata dola 15. Basi kila saa anayoruka anaweka dola 15 pembeni, na hizo si zake tena. Ni za injini.

Kuna lingine lilinishangaza. Ndege inayokaa bila kuruka inaharibika kuliko inayoruka. Unyevu unakaa ndani ya injini, chuma kinashika kutu mahali usipopaona, manyigu wanajenga kwenye vijitundu vya kupimia mwendo. Mtu anaifunika turubai anasema naitunza, kumbe anaiua.

Na mwisho, wanaandika. Marekani mwenye ndege ambaye ni rubani anaruhusiwa kazi ndogo ndogo kwa mikono yake, kama kumwaga oili, kubadili tairi, kusafisha plagi. Lakini lazima aandike kitabuni alichofanya, tarehe, na kusaini kwa namba ya leseni yake. Hapa kwetu ndege zenye 5H ubavuni zinasimamiwa na TCAA, na haziruki bila cheti kinachosema zinafaa kuruka. Hakuna cha "fundi mmoja alinigongea pale stendi."

SEHEMU YA 4: Turudi nyumbani

Najua kuna anayesema, nesi ametuchanganya, ndege na sisi wapi na wapi? Ndege ikizima inaanguka, gari likizima si unaegesha pembeni?

Mwambie hayo yule baba aliyekuwa bondeni na dumu usiku.

Mama mwenye uchungu pingamizi, mama anayevuja damu, mtoto mwenye degedege: hao hawana pembeni pa kuegesha. Ukiwa katikati ya pori la Kasindaga, au kwenye milima yetu ya Ngara saa nane usiku, gari lako nalo lina injini moja. Pikipiki yako ina injini moja. Na tofauti na ndege, lile gari hakuna mtu anayekulazimisha ulikague. Ni wewe na dhamiri yako.

Maoni yangu ni haya, na sitayazungusha: familia isiyo na uwezo wa kulitunza gari bado haijawa na uwezo wa kulinunua. Ni afadhali pikipiki nzima kuliko gari bovu. Ni afadhali makubaliano na dereva mwenye gari zima kuliko gari lako la kuonea fahari kanisani na msikitini. Najua inauma. Gari ni heshima. Lakini mtoto yule wa kilo tatu na nusu hakuhitaji heshima, alihitaji rejeta.

Kwa mdogo wangu wa Nyakanazi, na wote mnaopanga kununua, nawaomba mambo manne.

Kwanza, gawanyeni hela kabla ya kwenda kuliona gari. Kama mna milioni kumi, tafuteni la milioni nane. Mbili zinazobaki si za sherehe ya gari. Ni za mwaka wa kwanza, maana mtaletewa siri zote za mwenye gari wa zamani. Na fundi wa kulikagua awe wenu, mlipeni. Akikataa, kataeni.

Pili, nunueni daftari. La kawaida la shule. Andikeni jina la gari juu, na kila kitu kinachofanyika: tarehe, kilomita, kazi gani, fundi nani, shilingi ngapi, kinachofuata lini. Mwisho wa daftari, ukurasa wa dalili: "linakunywa maji", "breki inalia", "asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe". Dalili iliyoandikwa inakuangalia. Dalili ya mdomoni inasahaulika mwezi ujao. Mimba ikiwa na miguu iliyovimba na kichwa kinachouma hatusemi tutaona mwezi ujao, maana tunaogopa kifafa cha mimba. Gari linalokunywa maji ni hivyo hivyo, linakutumia salamu.

Na nina ombi ambalo akina baba watanichukia: kadi ya gari ikiwa na jina la baba, daftari likae kwa mama. Likae kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki. Sisemi mama awe fundi. Nasema mama awe na haki ya kuuliza, "Baba fulani, oili ilitakiwa mwezi wa tatu, imekuwaje?" Maana atakayelala siti ya nyuma siku ile ni yeye.

Tatu, wekeni kopo. Hesabu ni ile ile ya ndege. Tuseme tairi nne ni 480,000 na zinakwenda kilomita 40,000. Hiyo ni shilingi 12 kwa kila kilomita. Tuseme oili na chujio ni 80,000 kila kilomita 5,000. Hiyo ni shilingi 16. Jumla 28. Ukienda safari ya kilomita 100 umeshakula 2,800 ya gari, hata kama hukununua kitu zaidi ya mafuta. Ziweke kwenye kopo, au kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa mengine. Wenye vikoba mnajua: hela isiyo na jina inaliwa. Hii iiteni tairi.

Nne, jifunzeni kusema leo hatuondoki na hili. Rubani mzuri haoni aibu kuacha kuruka. Ukiwa na gari lenye tatizo na mgonjwa yuko ndani, usimdanganye nesi wa zahanati kwamba usafiri upo. Sema ukweli mapema, tutafute mwingine. Na siku hizi ipo namba 115 ya m-mama, kupiga ni bure, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Usiku ule ninaouongelea ilikuwa haijatufikia. Sasa ipo. Iandikeni ukutani. Hata mwenye gari zima aijue, kama ile ndege yenye plagi mbili kila silinda.

Wenye magari yaliyoegeshwa, mume yuko machimboni Geita au masomoni, gari limefunikwa turubai uani: liwasheni, liendesheni kidogo kila wiki, angalieni betri na upepo wa tairi. Mnakumbuka habari ya manyigu.

Mtaniambia hela hakuna. Naelewa, mshahara wangu mnaujua. Lakini rejeta ya yule baba, nilimuuliza baadaye, fundi alikuwa amemtajia bei ya kuichomelea ambayo ilikuwa chini ya hela ya ile miziki mipya aliyoifunga kwenye gari mwezi huo huo. Mara nyingi hela inakuwepo. Imekwenda kwenye kinachoonekana.

Sisi wenyewe wa hospitali hatuna pa kujificha. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, sipataji, tulikuwa na mashine ya kuzalisha oksijeni ambayo chujio lake halijasafishwa mpaka ikawa inapumua kama mgonjwa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopita mbele yake kila siku. Sasa kwenye wodi yangu kuna daftari. Kila Jumatatu chujio linaoshwa na aliyeosha anasaini. Ni dakika kumi. Nililianzisha baada ya ile safari ya Mwanza.

Yule baba tulikutana tena mwaka juzi. Mke wake alijifungua mtoto wa kike, na safari hii walikuja wiki mbili kabla wakakaa kwa ndugu karibu na hospitali, maana tayari ana kovu la upasuaji. Gari lilikuwa lile lile. Nikamuuliza kwa utani, linakunywa maji bado? Hakucheka. Alifungua mlango, akatoa daftari la kaunta lenye jalada limechakaa kwa oili, akanipa nisome. Mwandiko ulikuwa wa mke wake.

Mdogo wangu wa Nyakanazi, ndiyo, nunueni gari. Ila kesho asubuhi anza na daftari.

Jumatano tunarudi kwenye uji, nimeahidi. Kama una mume, shemeji au kaka anayetafuta gari la mkononi wiki hii, mtumie hii kabla hajalipa. Usiku mwema.